Saa Moja ya Kusoma Matogoro

Mto Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji, unaanzia katika milima ya Matogoro, mashariki mwa mji wa Songea. Chini ya milima hiyo kuna chuo cha ualimu cha serikali, na jirani yake zipo shule za msingi na za sekondari. Ndiyo maana swali la mjadala huu lina uzito wa pekee hapa. Mtoto aliyefika darasa la sita, la saba au kidato cha kwanza huku kusoma kunamshinda, ni kazi ya nani kumfundisha?

Mtoto huyo si lazima awe asiyejua herufi. Wengi wao ba, be, bi, bo, bu wanazijua. Mpe mmoja sentensi kama hii: Wakulima waliokuwa wakisubiri mbolea hawakuambiwa kwa nini imecheleweshwa. Ataanza vizuri, wa-ku-li-ma, kisha wa-li-o-ku-wa, atasita, atarudi nyuma, na akifika i-me-che-le-we-shwa amekwishasahau nani alikuwa akisubiri nini. Kila silabi ameitamka. Habari yenyewe haijamfikia.

Jambo hili si geni nchini. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010, uliopita nyumba kwa nyumba ukiwapima watoto kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, ulikuta kwamba mmoja kati ya kila watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kuisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ilikuwa karibu nusu. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Mengi yamefanyika tangu hapo, na yatatajwa. Lakini karibu yote yaliwalenga wadogo, na mkubwa aliyekwisha kupita akabaki na deni lake.

Sauti zinazofuata zimetungwa ili hoja zikutane. Hazina majina, zina nafasi. Yupo mwalimu wa kike wa darasa la sita, mkufunzi wa chuo, mama mwenye mtoto shuleni, mwalimu mstaafu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kijana wa kidato cha kwanza.

Mwalimu wa darasa la sita ndiye anayetangulia, kwa kuwa lawama humfikia yeye kwanza.

"Mtoto nakabidhiwa pamoja na silabasi yake. Silabasi inataka ufahamu, ufupisho, ushairi, insha. Hakuna mstari unaoniambia nimfundishe kusoma, maana inahesabiwa kuwa kazi hiyo ilikwisha darasa la pili. Kipindi ni dakika arobaini, na mbele yangu wamekaa sabini. Nikimsimamisha mmoja asome aya moja, dakika nne zimekwenda na wenzake wameanza kunong'ona. Nikimwacha akae, atafika hivyohivyo hadi mtihani wa taifa, atasiliba A mpaka E kwa kubahatisha, na huenda akachaguliwa."

"Kwa hiyo unamwacha?" anauliza mama.

"Mama, naumia kumwacha. Lakini nani amenipa muda wa kutomwacha?"

Mwalimu huyu hasingizii. Upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wa mwaka 2013 ulionesha kuwa ni takriban asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili waliokuwa wakisoma Kiswahili kwa kasi na uelewa uliotarajiwa. Nchi ilishtuka, na ilikuwa haki ishtuke. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkoa wa Ruvuma uliingizwa katika mradi wa Tusome Pamoja ulioanza 2016 kwa fedha za Marekani, pamoja na Iringa, Morogoro, Mtwara na Zanzibar, na baadaye mradi wa Jifunze Uelewe ukafuata katika maeneo hayohayo. Yote miwili ilifanya kazi katika madarasa ya chini. Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake, na hata huko chini shule zikaachwa zijitegemee. Mtoto wa miaka kumi na tatu hakuwamo katika hesabu ya mradi wowote kati ya hiyo. Alikuwa ameshapita.

Mkufunzi wa chuo hakatai. Anachotaka ni kwanza watu waelewane juu ya ugonjwa wenyewe kabla ya kugombania dawa.

"Kiswahili kina baraka moja kubwa," anasema. "Kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa. Mtoto akishika silabi zake, hakuna neno asiloweza kulitamka. Lakini neno letu ni refu. Sentensi nzima inaweza kukaa ndani ya kitenzi kimoja: hawakutuambia, asipomsubiri, walichokifuata. Msomaji mzuri haioni silabi mojamoja hapo. Anaona ha-, anajua ni kukanusha, anaona -ku-, anajua limepita, macho yanakwenda. Huyu wetu anaokota silabi tano, na ya tano ikifika ya kwanza imemponyoka. Halafu kuna silabi zenye mkusanyiko wa konsonanti: mbwa, nywa, ndwa, ng'wa. Hizo darasa la pili zilipitiwa haraka, na wengi hawajawahi kuzirudia."

Anaendelea bila kuulizwa. Kiwango cha kasi kilichowekwa nchini kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika. Mtoto wa darasa la sita anayesoma maneno 25 anachelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakomwibia maana, kwa sababu akili yake yote imeshughulika na kutamka. Tiba, anasema, inajulikana. Asome aya moja fupi mara tatu au nne, siku hiyohiyo, na mwenzake akimsikiliza na kumsahihisha, mpaka aya itiririke. Vitenzi virefu vikatwe ubaoni vipande vyenye maana, si silabi tupu. Mwalimu asome kwa sauti kila siku, ili mtoto asikie sentensi ndefu inavyopumua. Na baada ya kila aya aulizwe swali ambalo jibu lake halikunakiliwa neno kwa neno katika maandishi.

"Kumpima ni dakika tano," anasema. "Silabi, neno, aya, hadithi. Anapokwama ndipo unapoanzia. Hujali yuko darasa la ngapi."

Hapo ndipo mama anapoingilia kati, na anaingia kwa nguvu.

"Mkufunzi, hapo kwenye 'hujali yuko darasa la ngapi' ndipo mnapotuumizia watoto. Wewe hujali, wenzake wanajali. Mnakumbuka MEMKWA? Mpango ulikuja na nia njema, watoto waliokosa shule wakasome. Leo hii watoto wakitaka kumtukana mwenzao kwamba ni mjinga wanamwita memkwa. Mwanangu ana miaka kumi na mbili. Mkimtoa darasani mbele ya watu, mkamrudisha kwenye ba-be-bi-bo-bu na watoto wa darasa la pili, kesho yake haji shule. Atashika jembe, au atakwenda stendi kuosha bodaboda za watu. Mimi ndiye nitakayempoteza, si chuo."

MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ulianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 na uliwafungulia mlango maelfu ya watoto. Kwamba jina lake limegeuzwa tusi la uwanjani ni onyo kwa kila anayepanga kumsaidia mtoto mkubwa. Aibu ina nguvu kuliko silabasi yoyote. Mtoto anayejua kwamba hasomi hutumia akili nyingi kulificha jambo hilo: hukariri aya aliyosikia mwenzake akiisoma, husahau daftari siku ya kusoma kwa zamu, huomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kijana wa kidato cha kwanza, aliyekuwa kimya kwa kuwaheshimu wakubwa, anathibitisha. "Shikamooni. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya rafiki yangu. Mwalimu akifika kwetu, rafiki ananong'ona, mimi natamka. Darasa la tano lote, la sita lote. Nilijua kusoma kidogo, lakini nikiwa peke yangu. Mbele za watu herufi zilikuwa zinanikimbia."

"Marahaba mwanangu," anajibu mwalimu mstaafu. "Na nani alikuja kukufundisha?"

"Hakuna, Babu. Nilikuwa nasoma magazeti ya michezo. Nilitaka kujua Simba imemsajili nani."

Mwalimu mstaafu anatabasamu, kwa kuwa jibu hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Yeye ni wa kizazi cha UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka kila mtoto aende shule, nchi haikuwa na walimu wa kutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakaitwa kufundisha huku wakijifunza ualimu palepale vijijini. Mengi yamesemwa juu ya udhaifu wa walimu hao, na mengine ni kweli. Ila mzee huyu anataka kukumbusha jambo jingine la miaka hiyo, nalo ni elimu ya watu wazima.

"Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imekuta kiasi cha theluthi moja tu ya watu wazima ndio wanaojua kusoma. Kufika katikati ya miaka ya themanini, takwimu za serikali zilikuwa zimepita asilimia 80. Sasa niulizeni, mtu mzima tulimfundisha kwa kitabu gani? Hatukumpa kitabu cha mtoto. Kanda ya Ziwa walisoma vitabu vya pamba na vya ng'ombe. Wengine vya migomba, vya uvuvi, vya mapishi na malezi. Silabi zilikuwa zilezile, lakini maneno yalikuwa ya mtu mzima, na baba mwenye familia hakuona haya kukishika kitabu hicho. Huyu mtoto wa darasa la sita ni mtu mzima mdogo. Mpeni maandishi yanayomheshimu."

"Kama yapi, Mzee?" anauliza mwalimu wa darasa la sita.

"Wewe uko Songea, mwalimu. Mkoa mzima unakula na kuuza mahindi. Mfuko wa mbolea una maelekezo nyuma yake. Risiti ya kuuzia mahindi ina maandishi. Habari za mpira. Habari za Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na mji ukabaki na jina lake. Nani kati ya watoto wako hataki kujua alinyongewa nini? Mwandikie aya kumi za habari hiyo kwa sentensi fupi, uone kama ataona haya."

Hoja ya mzee inastahili kukaliwa, kwa sababu inaigusa sehemu ambayo mipango mingi huiruka. Vitabu vingi vya kujifunzia kusoma viliandikwa kwa mtoto wa miaka saba, na kijana wa kumi na tatu anajua hivyo kwa kuona tu picha ya jalada. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa 1991, umetoa hadithi nyingi za Kiswahili, zikiwamo za kuwafaa wakubwa kidogo. Peramiho, mwendo mfupi magharibi ya mji, abasia ya Wabenedikto iliyoanzishwa 1898 imechapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Songea ina maktaba. Eneo hili halijawahi kuwa jangwa la maandishi. Lakini kitabu kilichoko mjini si kitabu kilichoko mkononi, na ruzuku ya uendeshaji inayofika shule ya msingi ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, baada ya shilingi 4,000 kubaki juu kwa ajili ya vitabu vya kiada. Jumla hiyo ya 10,000 ni ileile iliyopangwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu ananunua chaki, anarekebisha dawati na kuchapa mitihani. Hadithi ya kusoma kwa raha inasubiri mwaka ujao.

Mama anauliza kama basi dawa ni kuongeza fedha.

Jibu la swali lake limefanyiwa majaribio hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014, shule 350 katika wilaya 10, Mbinga ya Ruvuma ikiwamo, ziliingizwa katika jaribio la KiuFunza lililoendeshwa na shirika la Twaweza. Kundi moja la shule lilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi zifike shuleni moja kwa moja. Kundi la pili lilipewa ahadi ya bonasi kwa mwalimu kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Fedha peke yake hazikuinua alama za watoto. Fedha pamoja na bonasi ziliinua. Vitabu vikinunuliwa na pasiwepo aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha mtoto anasoma, vinabaki kabatini. Matokeo hayo yalihusu madarasa ya chini, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba darasa la sita lingekuwa tofauti.

"Mnaona?" anasema mwalimu wa darasa la sita. "Mnapenda kuzungumza juu ya mwalimu kama vile ni mvivu anayehitaji kuchochewa. Mimi sitaki bonasi kwanza. Nataka muda uandikwe kwenye ratiba."

Na hapo anapata shahidi kutoka mbali. Shirika la Pratham la India limejaribu njia moja kwa miaka mingi: wanafunzi wa darasa la tatu hadi la tano wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa umri wala darasa, na wanafundishwa wanapokwama. Wilayani Jaunpur, katika jimbo la Uttar Pradesh, vijana wa kujitolea waliendesha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Watoto waliokwenda walisonga mbele sana. Lakini waliokwenda hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand walimu wa serikali walipewa mafunzo na vifaa, kisha wakarudi kwenye silabasi yao kama kawaida, na matunda yakawa haba. Mwaka wa masomo 2012–13 jimbo la Haryana likafanya tofauti: saa moja ya siku ya shule ilitengwa rasmi, madarasa yakavunjwa kwa saa hiyo na kupangwa upya kwa kiwango, walimu walewale wa serikali wakafundisha, na wasimamizi wakapita kuangalia kama saa inaheshimiwa. Hapo watoto wakasoma. Mafunzo hayakuwa mapya, wala walimu. Kilichoongezwa ni saa iliyoandikwa na mtu wa kuisimamia.

Mkufunzi anakubali mfano huo, ila anataka sehemu ya kupanga kwa kiwango isipite kimyakimya, kwa sababu ndiyo inayomtia mama hofu. Anataja utafiti wa magharibi mwa Kenya ulioanza 2005 katika shule 121, ambapo nusu ya shule ziligawa darasa la kwanza kwa uwezo na nusu ziligawa kwa bahati nasibu. Katika shule zilizogawa kwa uwezo, waliokuwa nyuma hawakudidimia. Nao walifaidika, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha kiwango chao.

"Mkufunzi, hao walikuwa wa darasa la kwanza," anajibu mama. "Mtoto wa darasa la kwanza hajui kucheka cha mwenzake namna ile. Mimi nakubali saa moja. Saa moja tu, na shule nzima ihame kwa wakati mmoja, wanaojua na wasiojua, kila mtu aende chumba chake. Asiwepo anayetolewa peke yake. Na vyumba visiitwe A na B. Viiteni Lukumburu, viiteni Liparamba, chochote."

Hili ni sharti zuri kuliko mengi yaliyoko katika vitabu vya ualimu. Shule nzima ikihama kwa saa moja, hakuna anayeonekana ametengwa. Msomaji mzuri naye anakwenda kwenye chumba cha hadithi ndefu na mjadala, jambo analolikosa katika darasa la sabini.

Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari amesikiliza yote hayo kwa subira inayopungua.

"Ndugu zangu, mnazungumza Kiswahili, Kiswahili. Mtoto huyu Januari ananifikia mimi. Baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, upimaji wa kidato cha pili kwa Kiingereza. Wiki chache za kozi ya maandalizi hazimtoshi. Wapo wanaofika kwangu wakiwa hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa Hawa the Bus Driver, na hicho Richard Mabala alikiandika kwa lugha nyepesi kabisa. Saa hiyo moja mkiitumia kwa Kiswahili, mtakuwa mmemchelewesha mara ya pili."

Suala hili ni kongwe kuliko walimu wengi wanaolijadili. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Martha Qorro akiwa miongoni mwao, wameonesha kwa miaka mingi jinsi mwanafunzi wa sekondari anavyonakili ubao bila kuelewa. Mtoto wa Matogoro hatangoja sera ibadilike. Usanisinuru aliousoma kwa shida darasa la sita anaukuta sekondari kwa jina jingine na katika kitabu kizito zaidi.

Mkufunzi anamjibu mwenzake kwa upole. "Mwalimu, kasi ya macho, kubashiri neno linalofuata, kugundua kwamba sijaelewa na kurudi nyuma, hayo mtu anajifunza mara moja, kisha anahama nayo. Ukimfundisha kwa Kiingereza, unamfundisha mambo mawili kwa mpigo: kusoma, na lugha asiyoijua. Tena lugha yenyewe haiandikwi inavyotamkwa. Mwezi mmoja au miwili ya Kiswahili, mpaka aya itiririke. Halafu hadithi ileile aliyoielewa, umpe kwa Kiingereza chepesi."

"Na nikiwa na mwaka mmoja tu kabla ya upimaji wa kidato cha pili?"

"Hata hivyo. Hujapoteza muda. Ulikuwa unaupoteza ulipokuwa unamsomesha Kiingereza asichokishika."

Mwalimu wa Kiingereza hakubali moja kwa moja, na haki yake. Anakubali nusu: Kiswahili kwanza kwa wasiofika kiwango cha aya, Kiingereza tangu siku ya kwanza kwa waliokifikia. Makala haya yanamuunga mkono. Kosa lingekuwa kumrundika kila mchelewaji katika chumba kimoja, ilhali kijana anayesoma Kiswahili vizuri na kukwama kwa Kiingereza hana tatizo la kusoma kabisa. Ana upungufu wa msamiati.

Kuna kundi jingine dogo ambalo mjadala wa namna hii hulisahau. Mtoto asiyeona ubao vizuri huhesabiwa mzito. Mwingine ana disleksia, ugumu wa ubongo kuunganisha herufi na sauti usiohusiana na akili, naye hupigwa kwa uvivu asio nao. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika chuo cha Patandi, Arusha. Shule za kawaida zenye mwalimu kama huyo si nyingi. Upimaji wa macho, angalau, hauhitaji kungoja mtaalamu kutoka Arusha: mtoto asogezwe mbele, aulizwe anaona nini, kisha apelekwe hospitali ya mkoa.

Lililobaki ni mikono. Shule yenye walimu kumi haiwezi kugawa wanafunzi wake vyumba kumi na tano. Hapo macho yote yanamgeukia mkufunzi, maana chuo kiko palepale.

Wanachuo huenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, yale wenyewe huyaita BTP. Mwalimu wa darasa la sita anawajua vizuri. "Wanakuja wiki chache, wanatengeneza zana nzuri za kufundishia, wanakaguliwa, wanaondoka. Watoto wanawazoea, kisha wanaachwa. Ikiwa chuo kinataka kusaidia, kitupe wanachuo wawili wawili kwa kila chumba, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Si kwa ajili ya alama zao. Kwa ajili ya hawa."

"Ratiba ya chuo nayo ina mitihani," anasema mkufunzi.

"Mkufunzi, umetuambia tiba inajulikana. Sasa ratiba ndiyo itushinde?"

Mwalimu mstaafu anamsaidia kwa historia ya hapohapo Songea. Katika miaka ya sitini kijiji cha Litowa, chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichovunjwa mwaka 1969, kiliendesha shule yake ambayo wanakijiji na walimu waliipanga pamoja. Masomo yalifuata maisha ya kijiji, na kijiji kilijiona kina kauli shuleni. "Hatukusubiri waraka," anasema mzee. "Na mimi nilianza kufundisha nikiwa kijana wa darasa la saba. Mwanachuo wa leo ana elimu kunizidi mara tatu. Mpeni watoto kumi, aya moja kwa siku, na mtu wa kumwangalia. Atafundisha."

Umuhimu wa kuanza mapema unaonekana kwa hesabu ya vidole. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi imefupishwa kuwa miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne, wa mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 milango ya kidato cha kwanza itapokea makundi mawili kwa pamoja, na moja litakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kusoma. Mwalimu wa Kiingereza akisikia hesabu hiyo anashika kichwa.

Wanachobishania mwisho ni siku ya kuanza. Mkufunzi anataka watoto wapimwe Januari, shule zikifunguliwa. Mama anakataa katakata. Januari ni palizi. Familia nyingi zimehamia mashambani, na watoto wengi huja shule siku mbili au tatu kwa wiki. Ukiwapima wakati huo utapima mahudhurio. Anataka baada ya mavuno, Julai, mahindi yakiwa ndani na watoto wametulia. Mwalimu wa darasa la sita anaona Julai ni mbali mno kwa wanaokabiliwa na mtihani wa Septemba, na anapendekeza wa darasa la saba waanze mara moja, wengine wafuate. Anataka pia jambo moja liandikwe katika muhtasari wa kikao cha wazazi kabla hawajatawanyika: saa hiyo iwe kabla ya mapumziko ya saa nne, wakati watoto hawajachoka, na isiguswe kwa maandalizi ya mbio za Mwenge, wageni wa wilaya wala mitihani ya majaribio.

"Ikihamishiwa saa tisa alasiri," anasema, "mimi nimejitoa."